Kesi ya mauaji: kabla ya kuuliza nani kaua, onyesha kwanza marehemu kafaje

Wakuu, kuna wadogo zangu mawakili wa serikali wanaanza kusimama upande wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na kila nikiwasikia wanajiandaa na kesi ya mauaji wanakimbilia sehemu moja tu, "shahidi wetu alimuona mshtakiwa". Sawa, alimuona. Ila kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kina vitu vinne ndani yake na kila kimoja kinathibitishwa kivyake bila kuacha shaka: mtu kafa, kafa kifo kisicho halali, aliyemuua ni huyu aliyeko kizimbani, na alikuwa na nia ovu, yaani alikusudia kuua au kudhuru vibaya. Ukiwa na vitatu na nusu, huna kesi ya mauaji.

Kufa kwenyewe sio kugumu. Hata ripoti ya daktari ikikosekana, waliouona mwili na waliozika wanaweza kusema, na hata mwili usipopatikana kabisa ushahidi wa mazingira (wa dalili zinazoungana, sio wa aliyeona kwa macho) unaweza kutosha, ila hapo mnyororo wako usiwe na tundu hata moja.

Kwenye kifo kisicho halali ndo watu wanalala. Daktari kaandika "kuvuja damu nyingi" na wakili wa serikali anashukuru anakaa chini, jamani! Hata wa bodaboda aliyegonga mti anavuja damu. Muulize jeraha liko wapi, lina kina gani, limetokana na kitu cha aina gani, je mtu akianguka tu anaweza kuumia hivyo? Uliza wewe kabla utetezi hawajauliza. Marehemu kama alilazwa wiki tatu ndo akafa, leta na habari za matibabu, la sivyo utaambiwa kauawa na malaria. Halafu ripoti ikishapokelewa kuwa kielelezo ISOMWE kwa sauti, mshtakiwa asikie. Mahakama ya Rufani ililisema hilo kwenye kesi ya Robinson Mwanjisi (2003), na bado mpaka leo ukisoma hukumu za rufaa unakutana na ripoti zinafutwa kwenye kumbukumbu kwa kosa hilohilo, yaani karatasi ya dakika tano.

Mshtakiwa akisema alikuwa anajitetea, msije mkamwambia athibitishe. Yeye kazi yake kuingiza shaka tu, wewe ndo wa kuiondoa.

Kumtambua sasa. Tukio la usiku, shahidi anasema "kulikuwa na mwanga". Mwanga wa nini, mbalamwezi, tochi, taa ya sola? Mkali kiasi gani? Alisimama umbali gani, alimtazama muda gani, alikuwa anamjua kabla? Maswali hayo yako kwenye kesi ya Waziri Amani ya 1980 na hayajazeeka. Na alimtaja lini, usiku uleule kwa mwenyekiti wa kijiji au siku ya nne baada ya polisi kuja? Aliyechelewa kutaja bila sababu, shahidi huyo anakuumiza mwenyewe. Kama unategemea maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoandikwa polisi baada ya kuonywa, angalia saa aliyokamatwa na saa aliyohojiwa, sheria imeweka masaa manne na kuongezwa kwake kuna utaratibu.

Nia ovu huwezi kuipasua kichwani kwa mtu ukaitoa, unaisoma kwenye vitendo. Kesi ya Enock Kipela inatupa vya kuangalia: silaha gani, nguvu kiasi gani, kapigwa sehemu gani ya mwili, mara ngapi, alisema nini, alifanya nini kabla na baada. Panga tatu za shingo halafu akakimbilia mkoa mwingine, hiyo inajieleza. Lakini fimbo moja kilabuni, wote wamelewa, ugomvi umeanza hapohapo, mimi kwa kweli naona hiyo ni kuua bila kukusudia na ni bora useme mapema kuliko kusubiri jaji akuambie.

Usiku kabla ya kuanza chukua karatasi ukunje mara mbili upate sehemu nne, kila sehemu andika kitu kimoja na majina ya mashahidi wanaokigusa. Sehemu ikibaki nyeupe mpigie mpelelezi usiku huohuo, simu ya asubuhi getini mahakamani imeshachelewa.