Jinsi ya kukagua SUV ndogo iliyotumika na kujua tatizo lipi litakula hela

Watu wengi wakitaka kununua hizi SUV ndogo zilizotumika, RAV4, X-Trail, CR-V, Forester na wenzake, swali la kwanza wanaloniuliza ni spea zake bei gani. Swali zuri ila halitoshi, maana miaka yote niliyolala chini ya magari nimeona kinachotoboa mfuko mara nyingi sio kifaa chenyewe, ni vile vitu vyote vinavyofunguliwa mpaka ukifikie. Kuna siku nilishusha giaboksi ya gari moja kwa ajili ya oili sili ya nyuma ya krenki, ile sili mpya nikaiweka juu ya kitambaa, kipira cheusi cha duara kama bangili, mzee mwenye gari akaishika akaigeuzageuza akaniuliza, "Fundi, ni haka tu?" Nikamwambia ndiyo mzee wangu, ni haka tu, lakini angalia pale, giaboksi iko sakafuni, shafti zimetoka, fremu ya chini imeshuka, hiyo kazi ndo unailipia. Kwahiyo kila hatua hapa nitakupa dalili, afu nitakwambia ili itengenezwe lazima kishuke nini.

Hatua ya 1: likute gari likiwa baridi

Mwambie muuzaji kabla hujafika asiliwashe kabisa. Ukifika fungua boneti uguse injini kwa mkono, kama ni ya moto ameshaiwasha, rudi siku nyingine, sikutanii. Injini ya moto inaficha mengi mno.

Iwashe huku umesimama mbele boneti ikiwa wazi. Mlio wa kukwaruza kama mnyororo unaotikiswa ndani ya debe ukidumu sekunde kadhaa ndo uishe, fikiria mnyororo wa taimingi, ule unaopatanisha valvu na pistoni, au tenshena yake inayoukaza, imechoka, na hapo kava lote la mbele ya injini linatoka, kazi kubwa hiyo. Afu nenda nyuma uangalie moshi. Wa bluu maana yake inaunguza oili. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu, usiogope, ila ukiendelea hata injini ikishapata moto na una harufu tamutamu, kulanti, yale maji ya kupozea injini, inaingia kwenye silinda.

Kama injini inatumia belti badala ya mnyororo, ulizia ilibadilishwa lini na uone karatasi. Nyingi zinataka ibadilishwe karibu na kilomita 100,000 au kwa miaka, na ikikatika kwenye injini nyingi valvu zinagonga pistoni. Ukiibadilisha weka na wota pampu kama inazungushwa na belti hiyohiyo, maana ni palepale umeshafungua, hulipi kazi mara mbili.

Hatua ya 2: maji na oili

Mfuniko wa rejeta fungua kabla hujawasha, ukiwa wa moto utaungua uso. Usihukumu kulanti kwa rangi, zipo za kijani, nyekundu, pinki, bluu, we angalia usafi. Ikiwa ya kahawia kama chai yenye kutu, mtu amekuwa anajaza maji ya bomba, na ikielea mafuta juu, una mazungumzo mazito na muuzaji.

Kwenye mfuniko wa oili ukikuta utando kama maziwa usikimbilie kusema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake cha juu, imekufa. Gari la safari fupifupi linatengeneza unyevu pale juu. Chomoa dipstiki, kama oili yenyewe ni safi na maji hayapungui, futa utando uangalie tena baada ya wiki. Ila kama oili imegeuka maziwa, au dakika chache baada ya kuwasha paipu ya juu ya rejeta imekuwa ngumu kama jiwe na mapovu yanatoka bila kukoma kwenye tangi la akiba la kulanti, hiyo ni gasketi. Gasketi yenyewe sio ghali hata kidogo, ila hedi inashuka, inapelekwa kupimwa kama imepinda, bolti mpya, taimingi inafunguliwa yote.

Hatua ya 3: tandika boksi chini

Ukiweza, gari lilale juu ya kipande cha boksi usiku mmoja. Asubuhi soma matone. Meusi au kahawia ni oili ya injini, mekundu mara nyingi ni ya giaboksi au stelingi, maji meupe chini ya upande wa abiria baada ya kutumia AC hayana shida. Mahali lilipodondoka ni muhimu kuliko rangi. Tone linalotoka juu kwenye gasketi ya valvu kava ni kazi ya saa chache, tone linalotoka pale injini inapokutana na giaboksi ndo ile bangili ya mzee wangu.

Hatua ya 4: giaboksi, hapa usiharakishe

SUV ndogo nyingi zina CVT, ambayo haina gia za kawaida, ina mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Endesha angalau nusu saa, na uwe na mlima. Tafuta haya: gari kutetemeka likianza kuondoka taratibu, mlio wa kulia unaopanda na spidi, injini kupiga kelele mzunguko ukipanda wakati gari halikimbii, au kupoteza nguvu ghafla baada ya mwendo mrefu wa moto. Mkanda ukishakwaruza puli, chembe za chuma zinatembea kwenye vali bodi, ile inayogawa oili ndani ya giaboksi, na kila kitu, kwahiyo mafundi wengi tunabadilisha giaboksi nzima kuliko kuipasua, na kwa gari lililozeeka hiyo bili inaweza kukaribia thamani ya gari.

Halafu uliza oili yake iliwekwa ipi. CVT inataka oili ya CVT, ukiweka ATF, oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, unaiua. Na maneno ya "oili hii haibadilishwi maisha yote" mi siyakubali, mimi naibadilisha kila kilomita 60,000 au mapema zaidi kwa gari la foleni na joto.

Hatua ya 5: 4WD

Anza na tairi. Zote 4 ziwe saizi moja na zimelika sawa, maana tairi za kuchanganya zinazungusha ekseli kwa spidi tofauti na kapling, ile inayopeleka nguvu tairi za nyuma, inachemka muda wote. Kata stelingi mpaka mwisho kwenye lami uzunguke polepole. Gari likijizuia kama limevutwa hendibreki, huenda kapling imeganda, na kwenye gari nyingi propela na difu ya nyuma vinashuka. Ukisikia ta-ta-ta-ta kwenye tairi ya mbele, ni CV jointi ya nje, hiyo wala isikunyime usingizi.

Hatua ya 6: chini na mlio

Linki za stablaiza, bushi, bolijointi, breki pedi, hivi vyote ni vitu vya kuisha, vinafunguliwa haraka, tumia kupunguzia bei tu. Beringi ya tairi inavuma kama ndege kwa mbali, ukiyumbisha kushoto ikivuma zaidi basi ni ya kulia, maana uzito umehamia huko.

Hatua ya 7: mashine

Chomeka mashine ya kupimia kwenye tundu la OBD2, lile la kusoma kompyuta ya gari. Usiangalie kodi za hitilafu tu, angalia na vipimo vya utayari, vile gari linavyojipima lenyewe. Kama vingi vinasema bado havijakamilika, kodi zimefutwa juzi au betri imechomolewa, kwahiyo liendeshe siku kadhaa kwa mwendo mchanganyiko afu pima tena kabla hujatoa hela.

Hatua ya 8: andika

Chukua karatasi, kila tatizo andika na kinachoshuka pembeni yake. "Kinafunguliwa peke yake" omba punguzo. "Kava la mbele, hedi, giaboksi au difu" pata kwanza makadirio ya mafundi wawili, kazi na spea vikiandikwa mbalimbali. Ukishanunua, mwaga oili zote, ya injini, giaboksi, difu na transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma) kama lina 4WD, weka mpya, halafu lile boksi lirudishe chini ya gari usiku ule ule.