Jinsi ya kuzinasa protini ambazo fangasi wa mnyauko anazitema ndani ya mgomba

Haya wale mliokuwa mnauliza hii kitu, fungueni leptopu. Tunamchimba Fusarium oxysporum f. sp. cubense, Foc kwa kifupi, yule anayeingilia kwenye mizizi na kuziba mishipa ya maji mpaka mgomba unanyauka na udongo una unyevu wa kutosha tu. Ana makundi yanayoitwa resi, kulingana na aina za migomba anazoshambulia: resi 1 ndiyo inatumalizia ndizi kisukari, TR4 (resi 4 ya kitropiki) inabeba mpaka Cavendish, zile ndizi za kuuza nje, na Msumbiji iligundulika 2013. Silaha zake ni protini ndogondogo, maarufu ni za kundi la SIX (kifupi cha Kiingereza cha "zinazotemwa kwenye mishipa ya maji"), ambazo zilionekana kwanza kwenye maji ya mishipa ya nyanya iliyougua mnyauko.

Hatua 1: ingia NCBI, ile hifadhi ya data za jeni mtandaoni, upakue faili la protini za Foc NA jenomu nzima, yaani DNA yake yote. Zote mbili, utajua kwa nini.

Hatua 2: faili la protini lipitishe kwenye programu ya SignalP. Inatafuta kale kakipande ka mwanzo, asidi amino (matofali ya protini) kama 20 hivi, ni kama tiketi ya kutokea nje ya seli na ikishatumika inakatwa. Isiyo na tiketi weka pembeni.

Hatua 3: ondoa zinazonasa kwenye utando wa seli, programu ya TMHMM inafanya hiyo kazi, ila chunga, tiketi nayo inapenda mafuta kwa hiyo programu inaidhania ni kipande cha utando na unajikuta umetupa protini nzuri bure. Ipe zilizokwisha kukatwa tiketi.

Hatua 4: bakiza fupi, chini ya asidi amino 300, hasa zenye sisteini nyingi (moja ya asidi amino), afu programu ya EffectorP ikuchambulie zipi zinafanana na silaha. Inakisia tu lakini, sio hakimu.

Hatua 5, wengi wanairuka na mi niliiruka: chukua SIX zinazojulikana uzitafute kwa tblastn (programu inayolinganisha protini na DNA) kwenye jenomu yenyewe, sio kwenye faili la protini. Jeni zake ni fupi mno, programu za kutambua jeni zinazipita. Nilikaa wiki mbili naamini TR4 niliyokuwa nayo haina SIX8, nishaanza hadi kuandika matokeo jamani, na SIX8 ndiyo tunayotumia kutofautisha resi 4 na resi 1! Kumbe ipo, imelala zake kwenye jenomu, kwenye orodha ya protini ndo haikuingizwa.

Ukishaipata angalia herufi za DNA kama 1,500 kabla jeni haijaanza, mara nyingi utakuta mimp, kipande kifupi cha DNA chenye tabia ya kuhamahama. Basi tafuta mimp zote za jenomu nzima usome kilicho jirani, hapo ndo zinatokea protini ambazo hazimo kwenye orodha yoyote.

Hatua 6: toa RNA kwenye mizizi iliyoambukizwa uone jeni gani zinawaka, yaani zinafanya kazi. Zisizowaka humo zisikulie hela ya maabara kwa sasa.