Ukipeleka watoto Cancún, ulizia mwani kwanza
Mnaopanga likizo na watoto pwani ya Karibi ya Meksiko, kabla ya kulipia hoteli ulizieni sargaso. Ni mwani wa kahawia unaoelea, na mawimbi huusukuma hadi Cancún, Playa del Carmen na Tulum, hasa kati ya Aprili na Agosti. Ukirundikana ufukweni ukaoza, hunuka kama mayai viza. Mtoto mwenye pumu asikae karibu nao kabisa. Mkiukuta, msikate tamaa. Pandeni feri Puerto Juárez, bandari ya Cancún, dakika 20 hivi, mvuke hadi kisiwa cha Isla Mujeres. Ufuo wake wa Playa Norte mara nyingi huwa safi kwa kuwa hautazami mashariki, mwani unakotokea, na maji yake ni ya kina kifupi, mtoto anatembea mbali yakiwa bado magotini.