Kampeni ya tegu la nguruwe: ianze kabla mahindi hayajavunwa

Katika vijiji vingi vya Mbozi, Mbeya Vijijini na Iringa, nguruwe hufungwa msimu wa kilimo wasije wakaharibu mahindi. Mavuno yakiisha wanaachiwa wajitafutie. Kampeni dhidi ya tegu (mnyoo unaozunguka kati ya watu na nguruwe) inayozinduliwa Agosti inawakuta wameshazagaa. Anza Machi au Aprili, wangali kwenye kamba na mabanda, maana kuzuia wasifunguliwe ni rahisi kuliko kuwakimbiza mashambani.

Afisa afya na afisa mifugo wasimame mkutano mmoja. Akija wa mifugo peke yake, watu huondoka wakiamini ni ugonjwa wa nguruwe. Akija wa afya peke yake, hakuna atakayejibu maswali ya banda. Waiteni pia wachoma kitimoto na wanunuzi wanaozunguka kukusanya nguruwe. Hao wanajua kaya zenye tegu kuliko daftari lolote la ofisini.

Ujumbe wa "usile nyama yenye tegu" ni nusu ya habari. Mtu akila nyama isiyoiva vizuri yenye vifuko hai (machanga ya tegu), anaota mnyoo utumboni, wa mita 2 hadi 4 au zaidi. Baada ya miezi kama miwili mnyoo huo unaanza kutoa mapingili (vipande vya mwili wake) yenye mayai kwenye choo kikubwa, na mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Nguruwe akila kinyesi hicho anapata vifuko nyamani. Mtu naye akiyameza mayai hayo kwa mikono, maji au kachumbari, vifuko vinaota mwilini mwake mwenyewe, hata kwenye ubongo, na huko ndiko kifafa kinakoanzia. Kwa hiyo Mwislamu au Msabato ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuugua kwa sababu ya mpishi asiyenawa. Hili lirudiwe kila mkutano. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tegu husababisha takriban asilimia 30 ya kifafa katika maeneo mengi ambako nguruwe huzurura karibu na watu.

Sasa banda. Mabanzi ya viwanda vya mbao yanatosha kwa kuta na sakafu. Inua sakafu kama sentimita 60 kutoka ardhini, acha mwanya wa sentimita 2 kati ya banzi na banzi ili kinyesi kidondoke, ila kwa jike mwenye watoto ziba sehemu ya kulala, vinginevyo watoto watanasa miguu. Nguruwe wa kunenepesha mpe mita moja na nusu ya mraba. Lakini banda haliwashindi watu kwa mbao. Linawashinda kwa chakula. Nguruwe anayekua anakula kilo 2 hivi kwa siku, yaani kilo 300 kuanzia Agosti hadi mwisho wa Desemba. Pigeni hesabu hiyo hadharani kabla ya kupitisha sheria ndogo ya kufungia nguruwe. Pumba zinunuliwe wakati wa mavuno zikiwa bei ya chini, ziongezewe matembele, maboga na viazi mviringo vilivyochemshwa (vya kijani vitupwe, vina sumu). Asiyeweza kulisha wanne afuge wawili. Sheria ndogo inayopita bila hesabu ya pumba haimalizi Oktoba.

Choo cha shimo bila mlango imara ni hori la nguruwe. Gunia lililoning'inizwa halizuii kitu. Kagueni mlango, ukuta uliofika chini kabisa, kifuniko cha tundu, na kibuyu chirizi chenye sabuni. Dawa za kawaida za kuua vijidudu haziyaui mayai ya tegu. Kinachosaidia ni kunawa kwa maji mengi ili yaondoke mikononi.

Kukagua ulimi wa nguruwe kutafuta vifuko kunahitaji watu watatu: wawili wanamlaza nguruwe ubavu, wa tatu anaweka kijiti kati ya meno ya nyuma, anauvuta ulimi kwa kitambaa, anaangalia na kupapasa upande wa chini. Vifuko vina ukubwa wa milimita 5 hadi 10, vina maji na nukta nyeupe ndani. Ukiviona, umepata. Usipoviona hujathibitisha kitu, kwa sababu nguruwe mwenye vifuko vichache hupita. Na mkitaka wafugaji wachinje usiku vichakani, tangazeni kwamba kila nguruwe atakayekutwa na tegu atafukiwa bila mwenyewe kulipwa fidia. Nguruwe aliye hai anatibika.

Dawa yake ni oksifendazoli, miligramu 30 kwa kila kilo, mara moja kwa mdomo. Kosa la kila siku ni kusoma kipimo cha ng'ombe kwenye chupa. Pima mzunguko wa kifua na urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Mzunguko 0.75 na urefu 0.75 ni kilo 29 hivi. Dawa ya asilimia 10 atapewa mililita 9. Ya asilimia 2.265, inayouzwa kwa ng'ombe na kondoo, mililita 39. Nyama huchukua kama miezi mitatu kusafika, kwa hiyo usimtibu wa kuchinja Krismasi mwezi Desemba. Akirudi kuzurura, baadaye anaweza kuambukizwa tena.

Kwa mchoma nyama: moto mkali unababua nje na kuacha damu ndani. Chemsha kwanza vipande vidogo mpaka wekundu uishe katikati, ndipo ukaange au uchome.

Mtu anayeona mapingili meupe bapa chooni aende zahanati, asijinunulie dawa dukani. Prazikwanteli na albendazoli zinaweza kuchokoza vifuko vilivyo kwenye ubongo na kuleta degedege, kwa hiyo mwenye kifafa au kichwa kinachouma vikali mara kwa mara aseme kabla ya kumeza chochote, hata siku ya ugawaji wa dawa za kichocho. Aliyeanza fenobabito (dawa ya kifafa) asiikatishe ghafla. Na anayeanguka kifafa asaidiwe, alazwe ubavu: mate yake hayaambukizi kifafa.