Ukihakiki katuni ya zamani kwenye diski, anza na mistari

Kabla hujaandika lolote kuhusu hadithi, simamisha picha pale mhusika anapokimbia au kugeuka ghafla, kisha sogea karibu na runinga uitazame mistari inayomchora. Katuni hizi zilichorwa kwa mkono, zikapigwa picha kwenye filamu yenye chembechembe. Watengenezaji wa diski wakizifuta chembechembe hizo kupita kiasi, programu hushindwa kutofautisha uchafu na mchoro: mistari myembamba hukatika, na kope au vidole hufifia mwendo unapokuwa wa kasi.

Filamu za Disney za miaka ya 1960 ndizo za kuchunguza zaidi. Kuanzia One Hundred and One Dalmatians ya 1961, michoro ilihamishwa moja kwa moja kwenye plastiki angavu kwa mashine ya kunakili ya Xerox, kwa hiyo mikwaruzo ya penseli inatakiwa ionekane. Ndiyo mikono ya wachoraji wenyewe! Ukiiona imelainishwa, waambie wasomaji wazi, hata kama jalada linajisifu kwa picha safi.

Angalia na muda. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde mara nyingi huharakishwa hadi 25 kwenye DVD za PAL, yaani mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde. Dakika 100 zinabaki 96, na sauti inapanda kidogo. Nyimbo ndizo huumbua kasoro hiyo haraka.

Taja pia toleo na mwaka wa diski yenyewe, maana filamu ileile hutolewa upya mara kadhaa na ubora hutofautiana sana.