Namna ya Kupima Jinsi Homoni na Saitokini Zinavyoongoza Utengenezaji wa Protini katika Seli za Ini

Mwili unapojeruhiwa au kuambukizwa, seli za ini hupunguza kutengeneza albumini, protini kuu ya majimaji ya damu, na kuongeza protini nyingine za damu: haptoglobini, fibrinojeni na protini tendaji C (CRP). Amri hiyo huletwa hasa na intaleukini-6, mojawapo ya saitokini (protini ndogo ambazo seli hutumia kupelekeana ujumbe), lakini nguvu yake hutegemea homoni zilizopo, na kwa hiyo jaribio la saitokini peke yake hutoa nusu tu ya jibu.

Hatua ya 1: Chagua seli. Seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye ini ndizo zinazokaribia hali halisi, ila huanza kupoteza tabia zake baada ya siku chache. HepG2, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya ini, hutunzika kwa urahisi na hutoa albumini, haptoglobini na fibrinojeni. Kwa protini tendaji C napendelea Hep3B, aina nyingine ya seli za saratani ya ini.

Hatua ya 2: Ondoa homoni zilizojificha. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Seramu ya ndama huja na homoni zake, na vimiminika vingi vya kukuzia seli za ini huongezwa insulini na deksamethasoni (homoni ya kutengenezwa inayofanana na kortisoli ya mwili) tangu kiwandani. Niliwahi kupoteza wiki tatu nikishangaa kwa nini vishimo (vitundu vya sahani ya kukuzia seli) nilivyoviita "visivyo na homoni" viliitikia intaleukini-6 sawasawa na vile vyenye deksamethasoni, mpaka niliposoma lebo ya chupa hadi mstari wa mwisho. Tumia seramu iliyochujwa kwa mkaa, kisha ziache seli usiku mzima katika kimiminika kisicho na homoni.

Hatua ya 3: Panga makundi manne, kila moja vishimo vitatu: kundi linganishi, intaleukini-6 (nanogramu 10 kwa mililita), deksamethasoni (nanomoli 100 kwa lita), na zote mbili kwa pamoja. Ikiwa deksamethasoni imeyeyushwa katika ethanoli, weka kiasi kilekile cha ethanoli katika vishimo vyote, kisichozidi asilimia 0.1. Intaleukini-6 hunata kwenye plastiki, ndiyo maana huchanganywa na albumini ya ng'ombe. Hakikisha kingamwili za kipimo chako zinatambua albumini ya binadamu tu.

Kundi la nne ndilo lenye kisa kizima. Intaleukini-6 hushika kipokezi chake pamoja na gp130, protini mwenza wa kipokezi hicho, vimeng'enya vya JAK huamsha STAT3, protini inayowasha jeni, nayo huingia kwenye kiini; deksamethasoni huingiza humo kipokezi chake chenyewe, na katika jeni kama ya fibrinojeni viwili hivyo husaidiana. Ukiongeza intaleukini-1, saitokini nyingine inayopitia NF-kB (protini nyingine inayowasha jeni), protini tendaji C hupanda zaidi ilhali fibrinojeni hushuka, jambo linaloonyesha kwamba saitokini hazisukumi protini zote upande mmoja.

Hatua ya 4: Kusanya kimiminika baada ya saa 24, weka kipya chenye dawa zilezile, ukusanye tena saa ya 48. Katika damu nusu ya albumini hudumu takriban siku 20, hivyo upungufu wa utengenezaji hukawia kuonekana; kwenye kishimo kilichobadilishwa kimiminika unaona kazi ya siku hiyo pekee. Pima kwa ELISA (kipimo cha protini kinachotumia kingamwili), kisha gawanya kila jibu kwa miligramu za protini ya seli za kishimo husika, kwa kuwa albumini ikishuka huenda ni seli zilizokufa.

Hatua ya 5: Vuna RNA ya vishimo vya ziada saa ya 6, ili ujue kama badiliko lilianzia kwenye jeni.