Somo: Kupiga lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe

Kila masika yanapokwisha, wenye nyumba za kale za Mikindani na Lindi huuliza kwa nini lipu yao mpya ya saruji imevimba na kubanduka. Naandika hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mmoja. Tumbawe lina vitundu, na unyevu wa ardhini hupanda ndani yake pamoja na chumvi. Lipu ya chokaa huuachia unyevu huo utoke, lakini saruji huuzuia, na chumvi ikiganda nyuma yake huisukuma mpaka ianguke. Nyumba za miti na fito zilizokandikwa udongo zina taratibu zake, wala sizizungumzii hapa.

Kwanza, bandua saruji yote kwa patasi, taratibu.

Pili, acha ukuta ukauke, kisha ifagie chumvi kwa brashi kavu.

Tatu, tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa (yaani kutiwa majini mpaka iache kuchemka) na kulowekwa. Ukiizima mwenyewe, tia chokaa kwenye maji, usimwage maji juu ya chokaa, kwa kuwa huchemka na kuruka. Funika macho na mikono, na watoto wasikaribie.

Nne, changanya sehemu 1 ya chokaa na sehemu 3 za mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi.

Tano, lowesha ukuta na upige tabaka jembamba, lisizidi sentimita 1. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu fundi aliyezoea saruji hupiga unene wote kwa siku moja na kuuacha juani. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na haiwezi kufanya hivyo ikiwa imekauka kabisa. Hubaki unga unaopukutika ukiusugua kwa kidole. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, yanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na usipige tabaka la pili kabla la kwanza halijawa gumu kiasi cha kutobonyea kwa ukucha. Ukuta unaopigwa na jua la mchana usiguswe bila kivuli.

Swali: Nikichanganya na saruji kidogo ili iwahi kukauka?
Jibu: Hapana. Sababu imo katika aya ya kwanza.

Swali: Fundi wangu anasema chokaa haidumu.
Jibu: Mpeleke Kilwa Kisiwani akautazame Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa karne nyingi zilizopita.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mbona vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, hata zile za wafanyabiashara wa Kihindi zenye roshani?
Jibu: Marahaba, mwanangu, umeangalia vizuri. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka upana mkubwa, kwa kawaida kama mita 3 hivi. Mwenye mlango wa nakshi na mwenye duka chini na roshani juu walitegemea boriti zilezile, kwa hiyo chumba kilichohitaji nafasi kilirefushwa badala ya kupanuliwa.

Swali: Ncha za boriti zangu zimeoza zinapoingia ukutani. Nikate mikoko mipya?
Jibu: Ziba kwanza paa linalovuja, la sivyo mpya nazo zitaoza palepale. Mikoko imehifadhiwa kisheria, kwa hiyo uliza kibali ofisi ya misitu kabla ya kununua. Ikiwa ni ncha tu iliyooza, fundi seremala anaweza kuikata na kuunga mbao ngumu.